Stendi ya saa ya baba

SWALI: Naishi Kibuye, Kisumu. Nataka kumtengenezea baba stendi ya mbao ya kuwekea saa yake ya mkononi. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwa maseremala wa soko lenu. Waombe kipande cha mvule kilichobaki. Saiprasi pia inafaa na ni laini kukata. Jambo kubwa ni ukavu. Mbao mbichi ikishaundwa hupinda au kupasuka, na hewa ya ziwani huchelewesha kukauka, kwa hiyo iache ndani ya nyumba wiki kadhaa, mbali na jua.

Kitako kiwe sentimita 10 kwa 10, kizito, stendi isipinduke. Juu ya nguzo fupi laza gogo la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 5: mzunguko wake ni karibu 16, unaotosha mkanda wa mtu mzima. Ncha moja ibaki wazi, maana mikanda mingi ya chuma haifunguki kabisa. Huvishwa kama bangili. Unga kwa gundi na kijiti cha mbao, kwani skrubu hupasua vipande vidogo.

Piga msasa kufuata nyuzi za mbao. Funika pua, tafadhali: vumbi la mvule huwasha vibaya. Vanishi ikauke kabisa kabla saa haijaguswa, hasa yenye mkanda wa ngozi.