ELIMU KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUUHIFADHI MJI KATIKA KOMPYUTA

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Picha za aina hiyo, zikipandana, huwezesha kukokotoa kimo cha nyumba, na hivyo kuunda mfano wa mji wenye urefu, upana na kimo.

Mzigo upo katika kuuhifadhi mfano huo. Ichukuliwe nyumba yenye umbo la sanduku: ina pembe 8 na nyuso 6. Katika utaratibu wa CityGML, uliopitishwa kimataifa mwaka 2008, kila uso huandikwa peke yake kwa nukta 5, ya mwisho ikiirejea ya kwanza. Nukta 30 zenye vipimo vitatu kila moja ni namba 90, kwa sanduku moja tu! Utaratibu wa CityJSON, uliobuniwa Delft, Uholanzi, huandika kila pembe mara moja, yaani namba 24. Kisha kila uso hutaja pembe zake 4 kwa nambari zao, namba 24 nyingine, tena fupi.

Kwa Mji Mkongwe, ambako nyumba zimeshikana, pembe moja huweza kutumiwa na majirani wawili. Katika kijiji kama Busi, wilayani Kondoa, nyumba zilizoachana hazipati nafuu hiyo ya pili.

Hata hivyo, wepesi wa faili hautoshi. Karani anayetafuta nyumba moja ya Shangani hapaswi kufungua mji mzima. Ndiyo sababu ya kuwepo kanzidata, mfano 3DCityDB, ambamo kila jengo lina utambulisho wake na faharasa ya mahali lilipo. Utambulisho huo usipooanishwa na daftari la ardhi, mfano hubaki pambo.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka na watu 2 wakafariki dunia. Anayejenga upya jengo la namna hiyo huhitaji vipimo vya kabla ya maafa. Kwa hiyo kipimo kipya kiwekwe kando ya cha zamani, kila kimoja na tarehe yake, wala cha zamani kisifutwe.