Jua Aina ya Tufaha Kabla ya Kununua

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, tufaha aghalabu ni tunda jekundu la nchi za joto, lenye nyama laini na kokwa moja. Somo hili lahusu tufaha jingine, lile la nchi za baridi, ambalo asili yake ni misitu ya milima ya Tian Shan, Asia ya Kati.

Aina za sokoni

Granny Smith ni la kijani, gumu na lenye ukali. Lilianzia Australia katika miaka ya 1860 na hufaa sana kupikwa. Golden Delicious, la manjano na tamu, lilitoka West Virginia, Marekani. Ngozi yake hunywea upesi lisipowekwa penye ubaridi. Gala la New Zealand ni dogo na tamu. Fuji la Japani ni gumu, lina maji mengi na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Yapo pia matufaha madogo sana, yasiyozidi sentimita 5, makali mno kuliwa mabichi. Lakini yana pektini nyingi, hivyo hutengenezewa jeli, na maua ya miti yake huchavusha mitufaha mingine.

Kwa anayenunua miche

Mbegu ya tufaha haizai mti unaofanana na mama yake. Kwa kawaida aina hudumishwa kwa kubebesha. Kwa hiyo, anayekuuzia mche wa mbegu kwa jina la Fuji hakuuzii Fuji, nawe utaigundua hasara hiyo baada ya miaka kadhaa, mti utakapozaa.

Tena, aina nyingi huhitaji majira marefu ya baridi ndipo zichanue vema. Anna ya Israeli na Dorsett Golden ya Bahamas huridhika na baridi kidogo. Kwa hiyo ndizo zinazofaa zaidi nyanda zetu za juu. Zinunue zote mbili, kwani huchavushana.

Kabla ya kulipa

1. Uliza jina la aina, wala usitosheke na neno "tufaha".
2. Tazama kovu la kubebesha karibu na chini ya shina.
3. Dai stakabadhi iliyoandikwa jina la aina, kisha uihifadhi hadi mti uzae. Bila hiyo, itakuwa vigumu kuthibitisha ulichouziwa.