Je, Mashine Yaweza Kubeba Amana?



Liko swali ambalo siku hizi laulizwa mashuleni, makazini na hata barazani baada ya sala: Ikiwa mashine sasa hujibu maswali, hutunga barua, hufasiri lugha na kuwashinda mabingwa wa sataranji, mwanadamu amebakiwa na nini? Wengine huuliza kwa hofu. Wengine huuliza kwa kejeli, wakidhani kwamba hapa dini imefikwa na jambo lisilo na jibu. Katika somo hili twapenda kulichunguza jambo hilo polepole, maana mabishano yake yameenea duniani kote, na wengi wanaobishana huchanganya maswali mawili yaliyo mbalimbali: Je, mashine yaweza kufikiri? na, Je, nani ataulizwa kwa yale itendayo?

Kwanza yafaa ieleweke kwamba habari hizi si ngeni. Neno "roboti" lilitoka katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Karel Čapek, Mcheki, mwaka 1920. Lilitokana na neno la lugha yake, "robota", ambalo maana yake ni kazi ya shokoa. Katika mchezo huo watumishi waliotengenezwa kiwandani wanawaasi mabwana zao na kuwaangamiza wanadamu. Hivyo hofu inayosikika leo ilitangulia kompyuta zenyewe. Na kabla ya hapo, mwaka 1206, Mwislamu fundi mkubwa, Al-Jazari, alikamilisha kitabu chake cha vyombo vya ajabu, vikiwamo saa ya maji yenye umbo la tembo na jahazi lenye sanamu za wapiga ngoma zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji. Hata neno ambalo wataalamu wa kompyuta hulitumia kila siku kwa hatua za kukokotoa, "algoriti", latokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Basi anayedhani kwamba Mwislamu hana budi kuziogopa mashine hajui historia ya Waislamu.

Sasa tulitazame swali la kwanza. Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing aliandika makala mashuhuri katika jarida la falsafa liitwalo Mind. Aliona kwamba swali "je, mashine hufikiri?" lina utata, akaweka jaribio mahali pake. Mtu mmoja aulize maswali kwa maandishi, naye hawaoni wajibuji wake wawili. Mmoja ni mtu, wa pili ni mashine. Muulizaji akishindwa kupambanua nani ni nani, kuna haja gani ya kuinyima mashine sifa ya kufikiri? Alikisia kwamba baada ya miaka 50 hivi kompyuta zitaweza kucheza mchezo huo vizuri.

Turing alikuwa mtu wa insafu, maana alizitaja hoja za wapinzani wake moja moja na kuzijibu. Ya kwanza aliyoitaja ni hoja ya watu wa dini: kwamba kufikiri ni kazi ya roho, na Mungu amempa roho mwanadamu, hakuipa mashine. Alijibu kwamba hoja hiyo yauwekea mpaka uwezo wa Mwenyezi Mungu. Kwani Mungu akitaka kukipa chombo roho, nani atamzuia?

Lakini hapo hapo, ili kuonyesha kwamba imani za watu hutofautiana, Turing aliwauliza Wakristo wanaionaje itikadi ya Waislamu ya kwamba wanawake hawana roho! Msomaji, tusimame kidogo. Itikadi hiyo haimo katika Islam. Kurani Tukufu yasema katika mwanzo wa Sura An-Nisaa kwamba watu wote, wanaume kwa wanawake, wametokana na nafsi moja. Na katika Sura Al-Ahzab yawataja waumini wanaume na waumini wanawake, wakweli wanaume na wakweli wanawake, wenye kufunga na wenye kusubiri wa pande zote mbili, kisha yawaahidi wote msamaha na ujira mkubwa. Asiye na roho ataahidiwaje ujira wa Akhera? Hatusemi kwamba Turing alikusudia uovu. Neno hilo lilikuwa likizungushwa Ulaya kwa muda mrefu, naye akalichukua kama alivyolikuta bila kufungua Kitabu. Tafadhali ukumbuke kosa hili, maana tutalihitaji mbele.

Ama jibu lake juu ya roho, sisi hatuna sababu ya kulikasirikia. Ni kweli, hakuna awezaye kumzuia Mwenyezi Mungu. Lakini mzozo hauko hapo. Hatuulizi Mungu aweza nini. Twauliza kama jambo hilo limetukia, na kama kuiga maneno ni dalili ya kutosha kwamba limetukia.

Na juu ya kuiga tunao ushahidi mzuri. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo kikuu nchini Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa nyepesi mno. Mtu akiandika kwamba ana huzuni, ilimgeuzia maneno yake na kumwuliza kwa nini ana huzuni. Akimtaja mama yake, iliomba habari za jamaa zake. Haikujua huzuni wala mama. Hata hivyo, karani wake Weizenbaum, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi na aliyejua vema kwamba ni programu tu, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba atoke chumbani ili abaki nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka. Yeye mwenyewe alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler pamoja na wazazi wake akiwa mtoto, hivyo alijua yatokeayo watu wanapoacha kupima mambo kwa dhamiri zao. Mwaka 1976 alitoa kitabu akidai kwamba ziko kazi ambazo kompyuta isipewe hata kama itaonekana yaziweza, kwa kuwa kukokotoa ni kitu kimoja na kuhukumu ni kitu kingine.

Mashine za leo zaishinda ELIZA mbali sana. Hulishwa maandishi mengi kiasi ambacho mtu mmoja hawezi kukisoma umri wake wote, na kwa hesabu nyingi mno hufunzwa kukisia neno lifuatalo baada ya maneno yaliyotangulia; kisha watu huzirekebisha kwa kupima majibu yake, lipi jema na lipi baya. Kazi hii ni ya ajabu, na asiyeistaajabia hajaitazama. Lakini angalia matokeo yake. Pale maandishi ya watu yalipo na ukweli, mashine aghalabu hutoa ukweli; pale yalipo na uzushi, huweza kutoa uzushi; na pale isipopata kitu, mara nyingi hutunga, kwa ulimi ule ule mtamu. Kosa la Turing juu ya wanawake limo katika maandishi ya watu, pamoja na maelfu ya makosa kama hilo.

Wataalamu wenyewe wamegawanyika. Geoffrey Hinton, Yoshua Bengio na Yann LeCun walipewa pamoja Tuzo ya Turing ya mwaka 2018 kwa kazi yao iliyozaa mashine hizi. Mwezi Mei 2023 Hinton alitangaza kwamba ameacha kazi katika kampuni ya Google ili apate kusema kwa uhuru juu ya hatari zake. Mwezi uliofuata, mjini Toronto, Bengio alisimama jukwaani mbele ya watu pamoja na Max Tegmark akitetea kauli ya kwamba akili bandia yaweza kuwaangamiza wanadamu. Na aliyempinga, pamoja na Melanie Mitchell, alikuwa mwenzake LeCun, ambaye husema kwamba mashine hizi bado hazijaufahamu ulimwengu hata kwa kadiri ya paka. Upande mmoja waogopa kwamba mashine yenye akili kutuzidi itafuata shabaha isiyo yetu, jambo ambalo Norbert Wiener alikwisha kulionya mwaka 1960. Upande wa pili waona hiyo ni hadithi ya Čapek imevishwa nguo mpya. Novemba 2023 nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya zilitia sahihi tamko juu ya usalama wa akili bandia huko Bletchley Park, Uingereza, mahali alipofanya kazi Turing wakati wa vita. Kenya, Rwanda na Nigeria zilikuwamo.

Sisi hatudai kujua ya kesho. Lakini twaona kasoro moja katika mabishano haya: kwa kutazama sana mashine itakayotuasi, watu husahau dhuluma iliyokwisha kutendwa, na iliyotendwa na watu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili mzaliwa wa Addis Ababa, walizipima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso wake. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata 1 katika 100. Kwa wanawake weusi yalifika 34 katika 100. Na Januari 2023 ilifichuliwa kwamba ili mashine mojawapo mashuhuri ifunzwe kuepuka maneno machafu, vijana wa Nairobi walikuwa wamewekwa kusoma kutwa maelezo ya mauaji na ufisadi usiotajika, ili wayatie alama, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Baadhi yao walieleza jinsi mambo hayo yalivyowaumiza nafsi. Roboti haikulazimishwa shokoa yoyote. Aliyechoka ni mwana wa Adamu.

Hapa ndipo swali la pili linapoingia, nalo kwetu ndilo zito. Katika Sura Al-Ahzab, aya ya 73, Kurani Tukufu yataja Amana iliyowekwa mbele ya mbingu, ardhi na milima, vikakataa kuichukua, na mwanadamu akaichukua. Mlima una nguvu kuliko mtu, wala nguvu haikuufanya uwe mchukuzi wa Amana. Vivyo hivyo mashine yaweza kumzidi mtu kwa kasi na kwa hifadhi ya maneno, wala isiwe ndiyo iulizwayo.

Mfano wa hukumu ya duniani: mwaka 2023 mjini New York mawakili wawili walipeleka mahakamani hoja zenye kutaja kesi za zamani ambazo mashine iliwapa. Mmoja wao aliwahi kuiuliza mashine hiyo kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamhakikishia kwamba ni za kweli. Kumbe hazikuwako kamwe. Jaji hakuiita mashine kizimbani. Aliwaita mawakili, akawatoza faini ya dola 5,000.

Basi wewe unayeitafuta dini, au uliyeingia karibuni na bado unajifunza, pengine utaiuliza mashine juu ya aya au hadithi, nasi hatukukatazi; hata kitabu cha adui chaweza kukuonyesha njia ya kufikia rafu yenye kitabu sahihi. Ila ikikutajia sura na aya, fungua Msahafu wako mwenyewe. Angalia kwanza hesabu, maana baadhi ya chapa, kama yetu, huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, na nyingine hazifanyi hivyo. Kwa hiyo aya tuliyoitaja ya 73 utaikuta kwingine ni ya 72, na hilo peke yake si kosa. Usipoiona, soma iliyotangulia na ifuatayo. Usipoiona tena, mwulize mwalimu wako akuonyeshe kwa kidole. Na ikiwa hata yeye haioni, usimsimulie mtu.