Kuzuru Sibiloi: Fuata Maji

Ukitaka kuifaidi Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, shika kanuni moja: fuata maji. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,570. Mgeni anayezunguka bila mpango huambulia vumbi na mawe.

Jiandae. Kutoka Nairobi hadi Marsabit ni lami. Ukishaelekea North Horr ni mchanga na mawe, kwa hiyo nendeni magari mawili, kila moja na matairi mawili ya akiba, na mjaze mafuta Marsabit. Liulize Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kuhusu barabara na usalama kabla ya kuondoka. Beba maji ya kunywa yasiyopungua lita 5 kwa mtu kwa siku, kwani ya ziwa yana magadi.

Chagua saa. Toka alfajiri, rudi kivulini kabla ya saa nne, kisha toka tena saa kumi jioni. Upepo huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi. Kaza kamba za hema.

Jua pa kutazama. Ufukweni Alia Bay kuna nyamera kwenye nyasi, mamba majini na ndege wengi. Usiogelee. Kwenye laga, mito mikavu ya mchanga, tafuta nyayo chini ya migunga na miswaki, lakini usipige kambi humo: mvua ya mbali huleta mafuriko hata kwako kukiwa kukavu. Tambarare ni za choroa na punda milia wa Grevy, mwenye milia myembamba na tumbo jeupe.

Usiokote mifupa ya kale. Huko Koobi Fora, ndani ya hifadhi, mwaka 1972, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu maarufu la binadamu wa kale, namba 1470. Mfupa ukitolewa kwenye tabaka lake, ni vigumu kujua umri wake. Piga picha, uache, umwarifu askari wa hifadhi.

Ziwa hili hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mto Omo wa Ethiopia, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza Hifadhi za Ziwa Turkana, Sibiloi ikiwemo, kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa hofu ya kuvurugwa kwa mtiririko huo. Nenda ukaione Sibiloi, ajiri kiongozi mwenyeji, urudi na taka zako zote.