Kumfuata kanga wa Garissa alfajiri, bila bunduki

Masika yakianza Garissa, kwa kawaida kati ya mwisho wa Machi na Mei, nyika iliyokuwa kahawia hugeuka kijani kwa siku chache. Ndege wa ardhini husikika kuliko wakati mwingine wowote: madume ya kwale hulia tangu alfajiri, na kanga hutafuta pa kutagia. Huko Marekani, msimu kama huu ndio wa kuwinda bata mzinga wa porini. Mwindaji huamka usiku, hujibanza chini ya mti na kuiga mlio wa jike mpaka dume asogee. Vijana wengi wa kwetu wameuona uwindaji huo kwenye simu, wakauliza: je, nami naweza kumfuata kanga namna hiyo?

Kumfuata, ndiyo. Kumpiga, hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa mchezo Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilikaza kamba zaidi. Kama ilivyopitishwa mwaka 2013, hata anayewinda kitoweo cha nyumbani anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000, au kufungwa kwa muda usiopungua miezi 6, au vyote viwili. Mtego wa kamba na manati haviponi hapo. Usidanganywe na anayekuambia Tanzania wanaruhusu: kule kuna leseni na misimu yake, na ruhusa ya Tanzania haivuki mpaka. Mimi naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, hasa wakati wa masika. Jike akinaswa akiwa anaatamia, mayai yote aliyoyaacha huharibika.

Basi, unamtafuta nani hasa? Garissa ni nyumbani kwa kanga mkubwa kuliko wote duniani. Kichwa na shingo yake havina manyoya, vinafanana na vya tumbusi, ila kisogoni ana kishungi cha manyoya laini ya kahawia. Jicho lake ni jekundu. Kifuani ana manyoya ya buluu inayong'aa, yenye michirizi myeupe, na mwili mweusi wenye madoa meupe. Anafika karibu sentimita 70. Akishtuka hukimbia kabla ya kufikiria kuruka, na usiku hulala juu ya miti. Watafiti waliowafuatilia kanga hawa zaidi ya 400 huko Mpala, Laikipia, walichapisha mwaka 2019 kwamba wanaishi katika makundi ya kudumu, na kwamba makundi hayo huchagua makundi mengine ya kushirikiana nayo. Hapo awali wengi walidhani maisha ya namna hiyo ni ya wanyama wenye ubongo mkubwa, kama tembo na nyani. Kwa hiyo ukiona kanga thelathini wakivuka njia, unatazama jamii yenye mpango wake.

Uende wapi? Kwa anayeanza, mahali pa karibu ni Bour-Algi, hifadhi ya twiga inayotunzwa na jamii, kilomita chache kusini mwa mji wa Garissa. Kuna twiga, swalatwiga na dikidiki, na vichaka vyake vinawafaa ndege wa ardhini. Ulizia kwanza mjini nani anayepokea wageni na wanatoza nini, kisha patana malipo ya kiongozi kabla hamjaondoka. Aliye na muda zaidi husikia habari za Ishaqbini, huko Ijara, ambako mwaka 2012 swala 48 wa aina ya hirola walihamishiwa ndani ya uzio wa kuwakinga na wanyama wakali. Ni mahali pazuri mno, lakini si pa kujiendea tu. Panga na wasimamizi wa hifadhi, na uulize hali ya usalama kwa polisi na kwa chifu wa eneo. Msitu wa Boni na maeneo yaliyo karibu na mpaka wa Somalia yaache kabisa.

Beba kitambulisho, maana barabara ya Garissa ina vizuizi vingi. Usipige picha daraja la Tana, askari wala kambi, hata kama ndege ametua juu yake. Ukitoka Nairobi ni kama kilomita 370 kupitia Thika na Mwingi, na katika masika ulizia hali ya Mto Tana kabla ya kukata tiketi: mafuriko yaliikata barabara karibu na Madogo Novemba 2023 na tena mwaka 2024.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Darubini ndiyo gharama kubwa, na unaweza kuiazima au kuanza bila hiyo. Ukinunua, tafuta iliyoandikwa 8x42: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kipana husaidia mwanga ukiwa hafifu. Programu ya Merlin ni ya bure na hukusaidia kutambua ndege kwa sura au kwa sauti. Ipakue ukiwa mjini, kwa sababu nje mtandao hukatika. Vaa nguo zilizofifia rangi na viatu vya soli ngumu. Mti wa mathenge umejaa kando ya Tana na mwiba wake hupenya kandambili, hata tairi la bodaboda. Beba maji ya kutosha hata kama unarudi saa nne.

Asubuhi yenyewe huenda hivi. Toka baada ya swala ya Alfajiri, ufike kabla jua halijachomoza. Simama, usitembee. Kwanza utasikia mlio wa kukwaruza ukitoka juu ya kichuguu: huyo ni kwale mwenye koo la njano, anayependa mahali pasipo na nyasi ndefu. Kanga huja baadaye, wanashuka mitini na kuanza kuparura udongo. Mgeni hukosea hapa kwa kuwasogelea moja kwa moja. Wakiinua vichwa wote, umeshawakaribia mno. Afadhali ukisie wanakoelekea, kaa kivulini mbele yao na uwaache waje. Wachungaji wanajua njia za kanga kuliko kitabu chochote, kwa hiyo ukikutana na mzee na ngamia wake, toa salamu, msikilize, ndipo uulize. Usicheze mlio wa ndege kwenye simu ili kumvuta. Wakati wa kuzaliana, mlio huo humtoa dume kwenye kazi yake na jike kwenye kiota. Ukikuta mayai kwenye kishimo cha nyasi, ondoka kwa njia uliyojia. Kando ya mto kaa mbali na maji, maana mamba na kiboko wapo, na angalia unapokanyaga kwa sababu ya kifutu.

Wengine huniuliza kama wanaweza kuokota mayai hayo wakafuge. Hapana. Kufuga kanga kunahitaji leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na ofisi yao iko Garissa. Nenda uulize kabla ya kujenga banda. Bata mzinga wa kufugwa ni suala jingine: huyo hana haja ya leseni ya wanyamapori.

Ukirudi, usiache ulichoona kibaki kwenye kumbukumbu tu. Mradi wa Kenya Bird Map unakusanya taarifa za ndege kutoka kwa watu wa kawaida, na programu ya kuzituma, BirdLasser, ni ya bure. Kaskazini mashariki ina taarifa chache sana ikilinganishwa na nyanda za juu. Hata orodha ya ndege watano kutoka Bour-Algi inahitajika, kwa hiyo itume.