Kipimo cha Homa ya Matumbo kwa Watoto

Mtoto ana homa siku ya nne. Anapelekwa kupimwa damu. Mzazi anarudi na karatasi: taifodi ipo. Basi dawa zinanunuliwa. Je, hiyo karatasi imesema kweli?

Taifodi, yaani homa ya matumbo, huletwa na vijidudu vinavyoingia kwa chakula au maji yenye uchafu wa choo. Kipimo kinachotumika mahali pengi huitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa wa mwaka 1896. Kipimo hiki hakitafuti vijidudu vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza ndani ya damu ili kupigana navyo.

Hapo ndipo penye matata. Mkulima wa Ipelele akikuta nyayo za nguruwe pori katika shamba la viazi, anajua nguruwe alipita. Lakini alipita leo, au juzi? Widal nayo huona nyayo tu. Mtoto aliyeugua zamani anaweza kuwa bado na askari hao. Hata malaria inaweza kukidanganya kipimo. Tena mwenye taifodi kweli, akipimwa siku za mwanzo, anaweza kuambiwa hana, maana askari huchukua kama wiki moja kutokea.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto waliolazwa hospitali ya Teule, Muheza, mkoani Tanga. Kati ya watoto ambao Widal ilisema wana taifodi, kama robo tu ndio waliokuwa nayo. Katika kila wanne, watatu waliumwa kitu kingine! Na kama kitu hicho ni nimonia, hakingoji.

Kipimo bora zaidi ni kuotesha damu. Damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu, halafu hungojewa siku kadhaa. Lakini mtoto mdogo hatolewi damu nyingi, na vijidudu ndani yake ni vichache. Akiwa amekwisha kunywa dawa, huenda visiote kabisa. Tena kazi hii inataka maabara kubwa, siyo ya zahanati.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, mweleze mganga homa ilianza siku gani, na mtoto amekwisha kunywa dawa gani. Mwambie kama aliwahi kuugua taifodi. Uliza: amepimwa malaria? Kifua kimesikilizwa? Lakini mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au tumbo likivimba na kuuma sana, usingoje karatasi yoyote. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.