Huo Uzito Ni Maji, Mdogo Wangu

Wadogo zangu wa Kayanga, Nkwenda, Kaisho na kote huko, leo tuzungumze habari za moyo, na simaanishi wa mapenzi.

Mdogo wangu mmoja wa Kyerwa ameniuliza hivi: mume wake aliambiwa hospitali kuwa moyo umetanuka na nguvu zake zimepungua. Akapewa dawa, akapata nafuu. Siku hizi wageni wanamsifu kwamba amenawiri, lakini usiku analala kama amekaa, mito mitatu mgongoni. Je, amepona?

Hajapona, mpenzi. Amejaa.

Wewe umekulia kwenye kahawa, kwa hiyo hili utalielewa upesi kuliko watu wa mjini. Maganda yasiyokauka sawasawa huipandisha mizani, na mnunuzi mjanja hutia mkono guniani kwanza, maana hataki kulipia maji. Mwili wa mumeo ndivyo ulivyo. Moyo ukishindwa kusukuma damu inavyotakiwa, figo hushikilia chumvi na maji. Maji yanatuama miguuni, yanajaa tumboni, yanafika mapafuni. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hiyo si nyama.

Tafuta mizani. Kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, apande, nawe uandike kwenye daftari. Zikiongezeka hizo kilo 2, au ukibonyeza mguu pakabaki shimo, au mito ikaongezeka, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali ya Nyakahanga, ya Isingiro au kituo kilicho karibu, daftari mkononi. Akianza kuhema akiwa ametulia tu, au akizimia, hata kama ni saa nane usiku, amsha mwenye gari.

Sasa jikoni, ambako ndiko ugomvi uliko. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Lakini usimpikie kisufuria chake pembeni kama mfungwa. Mwanamume wa kwetu atakisusa. Pika ndizi, yaani ebitoke, na maharage ya nyumba nzima bila chumvi, tia nyanya, vitunguu na ndimu, anayetaka chumvi ajinyunyizie. Msimu wa senene ukifika, mtolee wake kabla hujatia chumvi. Pombe ya rubisi aiache, hata ya harusini.

Na ndizi zenyewe? Asiache kwa kuogopa. Ila ndizi ina potasiamu nyingi, na dawa za moyo kama enalaprili na spironolaktoni huizuia potasiamu hiyo isitoke mwilini. Mwambie daktari mnakula ndizi kila siku, aipime kwenye damu.

Dawa ya kukojoza ndiyo wanaume huiruka kimyakimya siku ya safari ya Bukoba, kwa sababu basi halisimami. Siwalaumu, ila wasiiruke. Muulizeni daktari kama siku hiyo anaweza kuimeza akishafika. Na mgongo ukiuma, msikimbilie diklofenaki ya dukani: inashikilia maji yaleyale mnayohangaika kuyatoa.

Mtaambiwa karogwa. Msikubali. Utafiti wa hospitali ya Muhimbili uliotolewa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha. Miaka 55 si uzee, ni mtu ambaye bado analima na kusomesha. Kwa hiyo siku mkimpeleka, nawe nyoosha mkono upimwe presha, na shemeji zako pia. Mkiandikiwa rufaa ya hospitali ya Bugando kwa kipimo cha picha ya moyo, msiifungie kabatini.

Mwisho wa barua yako uliandika, kwa maneno machache, kwamba miezi miwili hujalala usiku mzima, unasikiliza kama anapumua. Nimeyasoma mara tatu. Wifi zako wapo, si ndiyo? Mpe mmoja wao daftari Jumamosi hii, mwonyeshe namba, mwonyeshe dawa, kisha nenda kwa mama yako ukalale.